Bosi wa Mashineni

Mdogo wangu aliolewa na mwenye mashine ya kusaga, na kwa muda mrefu niliwatania kwamba ndoa yao haina ugomvi kwa sababu hawapati nafasi ya kujibizana. Mashine ilikuwa kwenye chumba cha matofali kilichoshikana na nyumba yao, ukuta mmoja tu kati ya mota na kitanda. Ikiwashwa asubuhi, vikombe vilianza kugongana kabatini, na aliyekuwa akiongea alinyang'anywa neno mdomoni. Kuanzia hapo hadi jioni, watu wa nyumba ile walizungumza kwa mikono.

Wateja nao waliijua lugha hiyo. Ukitaka unga laini, unasugua kidole gumba na cha shahada. Ukitaka usagwe mara ya pili, unazungusha kiganja hewani. Ukipitisha kiganja shingoni, maana yake ni zima, na hapo shemeji yangu anairukia swichi bila kuuliza, kwa kuwa huenda mkanda umechomoka au hereni ya mtu imedondokea kwenye mahindi. Mtaa mzima unamwita Unga. Kope zake nyeupe, ndevu nyeupe, na akicheka sana mabega yake yanatoa vumbi. Mdogo wangu alikaa mlangoni na mizani, akipima ndoo na madebe, akituliza foleni kwa jicho moja tu.

Mtoto wao alizaliwa katikati ya kelele hizo. Alipoanza kukaza shingo, mama yake alirudi kwenye mizani naye akiwa mgongoni. Kilichowashangaza watu ni usingizi wake. Alilazwa juu ya magunia matupu karibu na mota, akalala kama mgeni aliyepewa chumba cha ndani. Watoto wa wateja waliingia pale wakilia na kuziba masikio. Yeye alijigeuza upande wa pili akaendelea na ndoto zake.

"Huyu ana damu ya mashine," Unga alijisifu. "Mota ikikohoa hashtuki."

Alipoanza kutembea, alijipandisha cheo. Alisimama juu ya gunia, tumbo mbele, akamwonyesha mteja kwa kiganja asogee, mwingine ashushe ndoo, mwingine asubiri. Ishara zote alizijua. Bibi mmoja muuza mboga, mteja wa siku nyingi, ndiye aliyempa jina. "Nimekuja kusaga," alisema siku hiyo mashine ilipozimwa, "lakini kwa huyu binti naona kama nimekuja kuomba kazi. Shikamoo, Bosi." Basi jina likaganda. Hata mimi, mama yake mkubwa, nililazimika kufikiri kidogo ili nikumbuke jina tulilompa.

Alikuwa mtoto wa furaha. Viganja vyake vyeupe vilibaki kwenye sketi za mama yake kama mihuri. Akimwona baba yake ameshika kichwa wazi, alikimbia kumletea kofia kabla hajaitafuta. Tatizo lake lilikuwa mafua. Haya yakikauka, mengine yanaanza, na kuna nyakati homa ilimpanda hadi wakakimbia naye zahanati, mashine ikabaki na foleni isiyo na mwenyewe. Walipewa dawa, homa ikashuka, wakarudi kazini wakicheka. Mdogo wangu alilaumu vumbi, akamfunga kitambaa puani. Bosi alikigeuza kilemba.

Alikuwa anakaribia miaka miwili na hajasema neno. Hakuna aliyejali. Katika nyumba ile nani alikuwa anasema?

Jumamosi moja umeme ulikatika nikiwa pale mlangoni. Mashine ilishusha sauti taratibu, ikaguna, ikanyamaza, na watu wote kwenye foleni wakaanza kuongea kwa mpigo kama wanafunzi mwalimu anapotoka. Bosi alikuwa ametupa mgongo, akijaribu kupitisha uzi kwenye tundu la gunia.

"Bosi, mama mkubwa amekuletea chungwa," mdogo wangu alisema.

Uzi ukaingia kwenye tundu, ukatoka.

"Bosi we. Chungwa."

"Msimsumbue, yuko kikaoni," alisema yule bibi wa mboga, na watu wakacheka.

Hapo simu ya mdogo wangu ikaanza kuita. Ilikuwa ndani ya mkoba uliotundikwa kwenye msumari, nyuma tu ya kichwa cha mtoto. Bosi aliipenda simu ile kuliko ziwa la mama yake. Akiona kioo chake kinawaka, aliacha hata chakula. Sasa iliita hadi ikachoka, naye hakugeuza hata sikio. Aliendelea kuvuta uzi.

Mdogo wangu alikuwa bado anatabasamu kwa ule utani wa bibi. Nililiona tabasamu likibaki pale pale mdomoni wakati macho yamekwisha kuondoka. Akaenda kwenye mkoba, akaitoa simu, akaishika mbele ya uso wa mtoto, akabonyeza kioo kikawaka. Bosi akairukia kwa mikono miwili.

Umeme ulirudi. Mashine ikawaka, mikono ikaanza kazi. Mdogo wangu alinyanyua mkono wake kumwelekea mumewe, ukakaa hewani kidogo, kisha akaushusha. Neno alilokuwa nalo halikuwa na ishara.

Alimwambia jioni, tukiwa tunakula.

"Baba Bosi, huyu mtoto hasikii."

"Hasikii nani? Hasikii mama yake, ukaidi wa kwenu huo."

"Nakwambia hasikii."

Unga aliweka kijiko chini. Alichukua sufuria na mwiko, akazunguka nyuma ya mtoto, akagonga. Bosi akageuka akicheka, akanyoosha mikono apewe mwiko.

"Umeona? Unataka kumtia mtoto ugonjwa asio nao."

"Umekanyaga sakafu kama tembo. Hata mimi nimekusikia kwa miguu."

"Haya, tazama hili. Bosi, mletee baba kofia." Bosi akatoka mbio, akarudi na kofia. Unga akatandaza mikono kama wakili aliyemaliza kesi. "Kiziwi gani huyo?"

"Umejigusa kichwa."

"Mimi? Saa ngapi?"

Akanitazama niwe shahidi wake. Nikamwambia kweli, kwamba amejigusa kichwa. Akavitazama viganja vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine.

"Rudia," mdogo wangu alisema kwa upole. "Lakini mikono mfukoni."

Akaiweka mfukoni. Sijawahi kumwona mtu mzima akipata shida namna ile kutamka sentensi fupi. Viwiko vilimchezacheza. Mabega yalipanda yakashuka. "Bosi," alisema. "Mwanangu. Mletee baba kofia."

Mtoto alisogea, akasimama mbele yake. Alimtazama usoni. Kisha akautazama mfuko mmoja, akautazama wa pili, akasubiri. Alipoona hakuna kinachotoka, alimshika baba yake mkono na kuanza kuuvuta utoke mfukoni, apate kusema.

Unga alikaa sakafuni pale pale.

Nimefikiri sana juu ya kosa lile. Katika nyumba nyingine yoyote, mtoto wa namna hiyo angegundulika mapema. Mtu angemwita kutoka jikoni, angemwimbia gizani, angemkemea kwa mbali, na angeona kuna kitu hakifiki. Hawa walikuwa hawaiti kwa mbali. Walikwenda wakasimama mbele ya mtoto, wakamtazama machoni, wakamwambia kwa mikono, naye akaelewa yote. Kumtazama sana huko ndiko kulikowafichia.

Muuguzi wa zahanati aliwaandikia waende hospitali kubwa kwa daktari wa masikio, nami nikafuatana nao. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwepesi wa maneno. Alimweka Bosi mapajani kwa mama yake katika chumba kidogo chenye kuta za sponji, akacheza sauti kutoka pembeni, akiangalia kichwa cha mtoto kitageuka lini. Aliongeza, akaongeza. Mahali fulani huko juu, Bosi akageuka. Baada ya hapo alimmulika masikio, akafanya hivyo mara ya pili, akavuta kiti.

"Hasikii kabisa?" Unga aliuliza, na watu kwenye korido wakachungulia.

"Baba, mimi nakusikia vizuri," daktari alisema. "Ukitoka hapa wewe nawe tutakupima. Mtoto ana maji nyuma ya ngoma ya sikio, pande zote mbili, mazito kama gundi. Hayo mafua ya mara kwa mara yamechangia. Anasikia kama wewe ungesikia ukizamisha kichwa kwenye pipa la maji. Kelele kubwa zinamfikia zikiwa zimechoka. Maneno ya kawaida hayafiki."

"Yatatoka?" mdogo wangu aliuliza.

"Mara nyingi hukauka yenyewe. Tunayapa miezi mitatu. Yasipokauka, tutampa dawa ya usingizi, nitatoboa tundu dogo kwenye ngoma, niyanyonye, niache kijibomba kidogo kuliko punje ya mchele ili hewa iwe inapita. Hilo si jambo la kutisha." Akasogeza kiti karibu zaidi. "Ila niwe mkweli kwenu. Siwezi kuona yaliyo nyuma ya maji. Kama mshipa wa kusikia ni mzima, atasikia. Kama una kasoro, tutaanza matibabu ya aina nyingine. Hilo tutalijua maji yakishatoka."

"Na mashineni?"

"Mashineni asikanyage. Na nyumbani muongee naye karibu, usoni, taratibu."

"Mikono tuiache?" Unga aliuliza. Safari hii aliuliza kwa sauti ndogo.

"Msiiache. Mikono ndiyo imemfundisha kuelewa. Ongezeni mdomo."

Tuliporudi, Unga hakwenda kuwasha mashine. Alikaa kwenye gunia alilokuwa akisimamia Bosi, kofia mkononi.

"Tulikuwa tunausifia ugonjwa, shemeji," aliniambia. "Kumbe mtoto hakuwa amelala, alikuwa amezama majini, mimi nawaambia watu ana damu ya mashine."

Mdogo wangu alikuwa anamvua mtoto viatu. Hakugeuka. "Ugonjwa hatukuusifia," alisema. "Tulimsifia mtoto. Alijifunza lugha nzima ya watu wazima bila kusikia neno, nani mwingine ameweza? Kesho nitafutie mtu wa kukaa kwenye mizani. Mimi nahamia chumba cha nyuma."

Ndivyo alivyo mdogo wangu. Mimi ni mtu wa kulikalia jambo na kuligeuza hadi lipoe. Yeye hulishika likiwa bado la moto. Alihamisha kitanda hadi upande wa mbali wa nyumba, akapanga magunia ya pumba kwenye ukuta wa mashine kunyonya kelele, akafunga madirisha ya upande ule. Mle chumbani alianza kumsemesha mtoto kutwa nzima, pua kwa pua. Kijiko. Maji. Mguu huu, mguu ule. Alipochoka sauti, alinywa maji akaendelea. Unga alikuja mchana, mashine ikipumzika, amenawa uso na kunyoa ndevu ili mtoto auone mdomo wake vizuri. Bila ule weupe alionekana kijana zaidi, na mwenye wasiwasi zaidi. Bosi mwanzoni alimkataa, akidhani ni mtu aliyekuja kusoma mita.

"Kofia," Unga alimwambia, akijigusa kichwa. "Ko-fi-a." Bosi alimtia kidole mdomoni kutafuta neno linatokea wapi.

Miezi ikapita, maji hayakukauka. Wakapangiwa siku.

Asubuhi ya upasuaji tulikaa sote kwenye benchi la korido, Unga na shati la pasi, mdogo wangu amempakata Bosi aliyevalishwa gauni la hospitali linaloburuta chini. Kila mmoja wetu alikuwa na swali lile lile kuhusu kilicho nyuma ya maji, na hakuna aliyetaka kutangulia kulisema. Muuguzi akatoka, amefunika pua na mdomo, akanyoosha mikono kumchukua. Bosi alimkagua toka juu hadi chini. Kisha akapitisha kiganja shingoni.

Muuguzi akarudi nyuma. "Huyu mtoto ananitishia kunichinja?"

"Anakwambia uzime mashine," Unga alisema.

"Mashine gani?"

"Yoyote uliyonayo."

Tulicheka, na mdogo wangu akatumia kicheko hicho kumkabidhi mtoto haraka, kabla mikono yake haijabadili mawazo. Mlango ulipofungwa, Unga alianza kuzungusha kiganja hewani bila kujua, vile vile kama mteja anayetaka unga wake usagwe mara ya pili. Mkewe aliukamata mkono huo, akauweka magotini kwake, wakakaa hivyo hadi daktari alipotoka.

"Maji yametoka, vijibomba vimekaa," alisema. "Sasa mtazameni nyumbani. Mimi nitampima akija tena."

Bosi alirudi kwetu akilia kwa hasira ya dawa ya usingizi, akalala njia nzima, akalala hadi kesho yake. Nililala kwao siku hiyo. Asubuhi alikaa sakafuni chumba cha nyuma, kimya, amevimba macho, akichezea vifuniko vya chupa. Mashine ilikuwa imeshaanza kazi, sauti yake ikipita kwenye magunia ya pumba kama mtu anayenung'unika nyumba ya tatu. Bosi alikuwa anautazama ukuta ule mara kwa mara. Sisi tuliogopa kuuliza kwa nini.

Mdogo wangu alikuwa mezani nyuma yake. Alichukua mkate, akaanza kufungua mfuko wake wa nailoni.

Bosi akageuka.

Mdogo wangu akasimama kama alivyo, mkono ndani ya mfuko. Bosi akarudi kwenye vifuniko vyake. Mfuko ukachakarika tena, kidogo tu. Bosi akageuka tena, safari hii amekunja uso, akautazama mfuko kama mtu aliyetukanwa.

Mdogo wangu hakupiga kelele. Aliweka mkate mezani, akatoka, akasimama nyuma ya mlango asikoonekana. "Bosi," aliita, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kumwita mtu aje ale.

Mtoto alisimama. Aliutazama mlango. Aliufuata, akauvuta, akamkuta mama yake nyuma yake, akamshangaa amefikaje pale.

Mdogo wangu alikwenda mashineni mwenyewe kupeleka habari. Foleni ilikuwa ndefu, mashine inanguruma, na neno lenyewe bado halikuwa na ishara. Alishika sikio lake, akaonyesha upande wa nyumba. Unga akairukia swichi.

"Hereni ya nani imeingia?" aliuliza mashine iliposhusha sauti, mkono tayari ndani ya mahindi.

"Siyo hereni, baba. Anasikia."

Mteja aliyekuwa mbele alisubiri unga wake kwa muda mrefu siku hiyo.

Daktari alimpima tena katika chumba cha sponji, akazishusha sauti, akashusha zaidi, na Bosi akawa anageuka kila mara kwa uchovu wa mtu anayeitwa-itwa ovyo. Mshipa ulikuwa mzima. Maneno yatachelewa, daktari alisema, kwani ana deni la karibu miaka miwili ya kusikiliza, lakini yatakuja. Masikio ya Unga ndiyo hayakumfurahisha. Alimpa vizibo vya masikio, na amri ya kuvivaa.

Kuanzia hapo Bosi hakutaka kuijua mashine. Ikiwashwa, alilia machozi ya kweli na kukimbilia kitandani, kichwa chini ya mto, makalio juu. Nilipofika, Unga alinipokea mlangoni akiwa na furaha isiyo na aibu. "Shemeji, kaa, usiondoke. Niwashe kidogo umsikie anavyolia."

"Mwache mtoto wa watu," mkewe alimkata.

Kumbe kilio peke yake hakikumtosha Bosi. Mchana mmoja, mdogo wangu akianika nguo uani, alimponyoka. Mimi nilimwona akikatiza na kwenda moja kwa moja mlango wa mashineni, viganja vimeziba masikio, nikamfuata. Alisimama kizingitini. Baba yake alikuwa ametupa mgongo, akimimina debe la yule bibi wa mboga, vizibo masikioni. Bosi akaondoa mkono mmoja, akaupitisha shingoni. Baba hakuona. Akaupitisha tena. Kisha akaurudisha sikioni, akajaza kifua, akafungua mdomo.

Sikusikia kitu. Hakuna mtu ambaye angesikia kitu mle. Nilimwona tu mdomo ukifunguka na kujifunga, ukifunguka na kujifunga, kwa mpangilio ule ule, na bibi wa mboga akamgusa Unga begani na kumwonyesha.

Unga aligeuka. Akamwona mwanawe mlangoni, mikono yote miwili ina kazi ya kuziba masikio, na mdomo unasema. Alizima mashine. Alivichomoa vizibo, akachuchumaa, akanyoosha kiganja kutuzuia sote tusipumue, na mota ilipokuwa inamalizia kuzunguka tukaanza kuipata sauti yake, nyembamba, yenye kukwaruza, iliyokasirika.

"Ima," Bosi alikuwa anasema. "Ima. Baba. Ima."

"Nimezima, mama," Unga alisema. "Nimezima."

Watu wa nyuma kwenye foleni, ambao hawakuona kitu, walianza kuuliza kuna nini tena, na madebe yao haya yatasagwa lini.

"Tulieni," bibi wa mboga aliwaambia, akilipindua debe lake tupu na kulikalia. "Bosi anaongea."